Kilo Tano za Misuli na Mlima wa Kilomita Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezaji wa Skii

Mchezaji wa skii ya masafa marefu, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu miguuni na fimbo mikononi, anamaliza majira ya joto akiwa na nguvu kuliko wakati wowote wa maisha yake, kisha theluji inapoanguka anaachwa nyuma mlimani na watu aliokuwa akiwapita mwaka uliotangulia. Kisa cha namna hii hujirudia katika timu nyingi, na kila kinapojirudia hueleweka vibaya. Mchezaji ninayemchambua hapa si mtu fulani anayeishi mahali fulani. Nimempanga kwa namba zinazofanana na za mwanamume wa kiwango cha taifa, ili msomaji mwenye kalamu na karatasi aweze kuifuata kila hesabu. Kanuni zinazomtawala, yaani mvutano wa dunia, msuguano wa theluji, upinzani wa hewa na kikomo cha moyo, ni zile zile zinazomtawala mchezaji mwingine yeyote.

Mwishoni mwa msimu uliopita alikuwa na uzito wa kilo 74, na uwezo wake wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulikuwa lita 5.30 kwa dakika. Udhaifu wake ulijulikana: kila mbio zilipoamuliwa katika mita 200 za mwisho, ambapo wachezaji husukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja na miguu haina nafasi kubwa ya kusaidia, alishindwa. Kwa kuwa hakuwahi kunyanyua vyuma kwa mpango, kocha alimwandalia programu ya miezi mitano iliyolenga kifua, mgongo, mabega na mikono, siku nne kwa wiki, kwa seti nyingi za marudio 8 hadi 12. Alikula vya kutosha, akalala vya kutosha, na mwili ukaitikia. Mizani ilionyesha kilo 79, na kwa kuwa unene wa mafuta chini ya ngozi haukubadilika, nyongeza hiyo ya kilo tano ilikuwa karibu yote misuli.

Vipimo vya kwanza vilifurahisha kila mtu. Nguvu yake katika jaribio fupi la kusukuma kwa fimbo ilipanda sana, na uwezo wake wa oksijeni uliongezeka kidogo hadi lita 5.40. Ndipo akapelekwa kwenye mlima ambao timu hupimia kila mwaka: kilomita tatu zenye mwinuko wa asilimia 12, jumla ya mita zipatazo 357 za kupanda. Mwaka uliotangulia aliupanda kwa dakika 19 na sekunde 5. Safari hii alitumia dakika 19 na sekunde 54.

Maelezo yaliyotolewa kwanza

Sekunde 49 ni nyingi mno kupuuzwa, na kama ilivyo kawaida lawama ilianzia kwenye vifaa. Fundi wa nta inayopakwa chini ya skii aliulizwa kama skii ziliteleza sawasawa. Swali hilo ni la haki, kwa sababu theluji ya siku moja si theluji ya siku nyingine, na nta isiyolingana na hali ya theluji inaweza kumwibia mchezaji dakika nzima. Lakini jaribio liliporudiwa ndani ya maabara kwa skii za magurudumu, juu ya mkanda wa mashine ulioinuliwa kwa pembe ile ile, upungufu ulijitokeza tena kwa kiasi kile kile. Nta ikaondolewa kwenye orodha.

Maelezo ya pili yalikuwa uchovu wa mazoezi kupita kiasi, na haya yalihitaji uangalifu zaidi. Mwili uliochoka kwa namna hiyo mara nyingi huonyesha dalili mahususi: mapigo ya moyo hayapandi hadi kiwango chake cha kawaida wakati wa juhudi kubwa, laktati (kemikali inayojikusanya katika damu misuli inapofanya kazi kali) haifiki kiwango chake cha juu cha kawaida, na mchezaji huhisi kazi nyepesi kuwa nzito. Mchezaji huyu hakuwa na hata moja kati ya hizo. Moyo wake ulipiga kwa kiwango kile kile cha mwaka uliotangulia kuanzia chini ya mlima hadi kileleni, laktati yake ilikuwa ile ile, na himoglobini yake, yaani kibeba oksijeni cha damu, haikuwa imepungua. Injini ilifanya kazi yote iliyotakiwa kufanya, na hata zaidi kidogo. Kasi peke yake ndiyo iliyoshuka.

Hapa ndipo kisa kinapoeleweka, na ningependa makocha wakae hapa kwa muda kabla ya kuamua lolote. Moyo unapofanya kazi ile ile, oksijeni inapotumika kwa kiasi kile kile au zaidi, na bado mtu anakwenda polepole, basi kilichobadilika ni gharama ya kila mita anayopanda.

Gharama ya kilo moja

Mtu anayepanda mlima kwa skii analipa mara tatu. Analipa kuinua uzito wake dhidi ya mvutano wa dunia, analipa kushinda msuguano kati ya skii na theluji, na analipa kusukuma hewa iliyo mbele yake. Malipo mawili ya kwanza huongezeka sambamba na uzito: kilo ikiongezeka kwa asilimia moja, nayo huongezeka kwa asilimia moja. Malipo ya tatu hutegemea zaidi ukubwa wa mwili unaoikabili hewa pamoja na kasi, na kwa kuwa mlimani kasi ni ndogo, hayafiki hata asilimia tatu ya jumla.

Tuchukue vifaa na mavazi kuwa kilo tatu, ili mzigo wote uwe kilo 77 kabla ya programu na kilo 82 baada yake. Kwa mwinuko wa asilimia 12 na theluji yenye msuguano wa wastani, kila kilo inahitaji msukumo wa takribani nyutoni 1.56. Mchezaji anayeweza kutoa wati 320 kwa muda wa dakika ishirini atausogeza mzigo wa kilo 77 kwa kasi ya takribani mita 2.62 kwa sekunde. Baada ya programu, oksijeni yake ya ziada inampa wati zipatazo 326, lakini sasa anabeba kilo 82, na kasi inashuka hadi mita 2.51. Katika kilomita tatu tofauti hiyo ni sekunde 49. Hesabu inatoa kile ambacho saa ilitoa, bila kuhitaji sababu nyingine yoyote.

Kutokana na namba hizo hizo tunaweza kupata kipimo ambacho naona kina manufaa kuliko vyote katika kisa hiki. Lita 5.30 za oksijeni zilikuwa zikisogeza kilo 77, kwa hiyo kila kilo ilihudumiwa na takribani mililita 69 kwa dakika. Kilo mpya, iwe ya misuli, ya mafuta au ya maji yaliyobebwa mgongoni, inadai mgawo ule ule. Ili kilo tano zijilipie mlimani zilipaswa kuleta takribani mililita 340 za oksijeni kwa dakika. Zilileta 100. Zilizobaki zilikatwa kutoka kwenye kasi.

Kwa nini misuli haikulipa deni lake

Wengi hudhani kwamba misuli zaidi maana yake ni injini kubwa zaidi. Kwa juhudi ya sekunde kumi dhana hiyo ina ukweli mwingi, kwa sababu nishati ya sekunde hizo iko tayari ndani ya misuli yenyewe na haisubiri damu. Juhudi ya dakika ishirini ni jambo jingine. Huko kikomo huwekwa hasa na moyo, yaani kiasi cha damu unachoweza kusukuma kwa dakika moja na oksijeni ambayo damu hiyo inaweza kubeba. Mchezaji wa skii hutumia mikono na miguu kwa wakati mmoja, na misuli yake yote ikifanya kazi pamoja ina uwezo wa kupokea damu nyingi kuliko moyo unavyoweza kutoa. Kuongeza misuli katika hali hiyo ni kuongeza watu mezani bila kuongeza chakula.

Mahali misuli ilipoongezwa pana maana pia. Vipimo vilivyofanywa kwa wachezaji wa skii vimeonyesha kwamba mikono huchota sehemu ndogo ya oksijeni iliyomo katika damu inayopita ndani yake kuliko miguu inavyofanya. Damu inayoelekezwa mabegani, kwa hiyo, hurudi moyoni ikiwa bado na oksijeni ambayo miguu ingeitumia. Aidha, mazoezi ya kunenepesha misuli hupanua nyuzi zake. Nyuzi zikipanuka bila mazoezi ya kutosha ya ustahimilivu, kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) na mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) hazikui kwa kasi ile ile, na oksijeni inalazimika kusafiri umbali mrefu zaidi kufika inakotakiwa. Hali hii si ya kudumu. Nyuzi zilizokwisha kupanuka zinaweza kujengewa kapilari na mitokondria kwa miezi kadhaa ya kazi ya ustahimilivu, na jambo hili ndilo lililoamua ushauri wa mwisho.

Lazima pia tutofautishe uzito aliozaliwa nao mtu na uzito aliouongeza. Mchezaji mrefu ambaye kwa maumbile yake ana kilo 82 kwa kawaida ana moyo mkubwa na damu nyingi zinazolingana na umbo lake, na uwezo wake unaweza kuzidi lita sita. Yeye hakuongeza mzigo juu ya injini ndogo. Alikua pamoja na injini yake. Kocha anayemwona mtu wa namna hiyo akipanda vizuri, akahitimisha kwamba kilo 82 hazina madhara, amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Vipimo vitatu, majibu matatu

Sehemu ya mkanganyiko ndani ya timu ilitokana na namna matokeo ya maabara yalivyoandikwa. Kwa lita kamili, mchezaji alikuwa ameimarika kwa karibu asilimia mbili. Kwa mililita kwa kila kilo ya mwili, alikuwa ameshuka kutoka 71.6 hadi 68.4, yaani kwa asilimia nne na nusu. Waliomtetea walishika namba ya kwanza na waliomlaumu walishika ya pili, na wote walikuwa wakisoma karatasi moja.

Suala hili lilishughulikiwa zamani na watafiti wa Uswidi. Ulf Bergh na Artur Forsberg, katika kazi yao ya mwaka 1992 kuhusu athari ya uzito wa mwili katika mbio za skii, walionyesha kwamba kugawanya oksijeni kwa kilo kamili huwaonea wachezaji wazito, na kwamba kwa mbio za skii zenye milima, tambarare na miteremko inafaa zaidi kugawanya kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili. Sababu ni kwamba uwezo wa mwili haukui sambamba na uzito: mtu mwenye uzito maradufu hana uwezo maradufu. Walionyesha pia kwamba mzito ana nafuu kwenye tambarare na mteremko, na mwepesi ana nafuu kwenye mlima mkali. Kwa kipimo hicho mchezaji wetu alishuka kutoka takribani 301 hadi 293, yaani asilimia mbili na nusu. Jibu hili liko katikati ya yale mawili, na ndilo ningelitumia kukadiria mbio nzima. Kwa mlima mkali peke yake bado ningetumia kilo kamili, kwa sababu mvutano wa dunia haugawanyi kwa theluthi.

Kile alichokipata mahali pengine

Kilo hizo tano hazikuwa hasara tupu, na uchambuzi unaoishia mlimani hautendi haki. Kwenye mteremko mzito huteleza kwa kasi zaidi, kwa kuwa nguvu inayomvuta chini hukua pamoja na uzito ilhali upinzani wa hewa unakaribia kubaki ulivyokuwa. Kasi ya juu hukua kwa kipeuo cha pili cha uzito, hivyo kutoka kilo 77 hadi 82 ongezeko ni asilimia tatu. Katika kilomita moja ya kuteremka kwa mita zipatazo 14.5 kwa sekunde, faida ni sekunde mbili. Katika kilomita moja ya mlima wetu hasara ilikuwa sekunde 16. Njia za mashindano hupangwa ili takribani theluthi moja iwe ya kupanda, theluthi moja ya kuteremka na theluthi moja ya mawimbi ya juu na chini, lakini kwa kuwa kupanda ni polepole, zaidi ya nusu ya muda wa mbio hutumika mlimani. Kile kinachopatikana kwenye mteremko hakitoshi kufidia.

Kwenye tambarare mambo yanakaribiana. Kwa mwendo wa muda mrefu alikuwa sawa na zamani, pengine polepole kwa chini ya asilimia moja, lakini katika kasi ya mwisho, ile iliyosababisha programu yote, alikuwa mtu mwingine kabisa. Ipo aina ya mbio ambayo ingempokea kwa furaha. Vasaloppet, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora nchini Uswidi, siku hizi washindi wake ni watu wanaosukuma kwa fimbo mbili tangu mwanzo hadi mwisho, bila hata nta ya kushikia, ile inayozuia skii kurudi nyuma mchezaji anapojisukuma kwa mguu. Nguvu ya kifua na mgongo imebadilisha mtindo wa klasiki, ule wa skii kwenda sambamba, kiasi kwamba kuanzia msimu wa 2016/17 shirikisho la kimataifa la skii liliweka kikomo cha urefu wa fimbo kuwa asilimia 83 ya urefu wa mchezaji, pamoja na sehemu za mlima ambako kusukuma kwa fimbo mbili ni marufuku.

Upande wa pili kuna Alpe Cermis huko Val di Fiemme, Italia, mlima unaohitimisha Tour de Ski (mashindano ya skii ya hatua kadhaa yanayofanyika kila mwaka), ambao hupanda zaidi ya mita 400 na sehemu zake kali hufikia asilimia 28. Therese Johaug wa Norway, mwanamke mwenye urefu wa sentimita 162 na mwili mwepesi, alishinda Tour de Ski mwaka 2014, 2016, 2020 na 2025. Mwaka 2016 aliuanza mlima huo akiwa nyuma ya Ingvild Flugstad Østberg na akampita. Marit Bjørgen, mwenzake mwenye mabega yenye nguvu za kupigiwa mfano na medali 15 za Olimpiki, alishinda Tour de Ski mara moja tu, mwaka 2015. Sidai kwamba uzito peke yake unaeleza matokeo hayo, kwani Johaug ana injini ambayo wachache duniani wamewahi kuwa nayo, na Bjørgen alikuwa mpandaji hodari mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mabingwa wawili wakubwa wanaweza kuwa na maumbo mawili tofauti, na aina ya njia huchagua kati yao.

Uamuzi

Pendekezo la kwanza la kocha lilikuwa kuzipunguza kilo zote tano kabla ya mashindano, ndani ya wiki sita, kwa kupunguza chakula. Nalipinga bila kusita. Mtu asiye na mafuta ya ziada akilazimishwa kupungua haraka hupoteza glaikojeni (akiba ya wanga ndani ya misuli na ini), hupoteza ujazo wa damu, na hupoteza misuli ya miguu pamoja na ile ya mikono. Uzito unashuka na injini inashuka nayo. Hatari haiishii kwenye matokeo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikieleza jinsi mwanamichezo anayekula pungufu ya anachotumia anavyodhoofika homoni, mifupa, kinga na hali ya akili, wanawake kwa wanaume. Mchezo wa kuruka kwa skii uliona wembamba ukizidi mipaka hadi shirikisho likaanza kufunga urefu wa skii kwa uwiano wa uzito na kimo cha mrukaji. Hesabu ya mililita 69 kwa kilo ni chombo cha kuelewa. Ikigeuzwa kuwa kauli ya kumtisha kijana mbele ya sahani yake, inaleta madhara ambayo hakuna mlima unaoweza kuyafidia.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kuacha mara moja mazoezi ya kunenepesha na kuyabadilisha kuwa mazoezi ya nguvu ya juu: marudio matatu hadi matano kwa uzani mkubwa, mapumziko marefu, mara mbili kwa wiki. Nguvu ya namna hii hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, hivyo huongezeka bila kuleta uzito mwingi. Jan Hoff na wenzake nchini Norway walionyesha mwaka 1999, kwa wanawake wenye mazoezi ya skii, kwamba mazoezi ya aina hiyo hupunguza gharama ya oksijeni katika kusukuma kwa fimbo. Muda uliookolewa ulihamishiwa kwenye vipindi virefu vya kupanda kwa mwendo wa wastani, mikono ikishirikishwa kikamilifu, ili misuli mpya ijengewe kapilari na mitokondria. Chakula hakikupunguzwa, kilibaki kulingana na kazi, na uzito uliachwa ushuke kwa hiari yake kadiri misuli isiyotumika ilivyopungua.

Lengo liliandikwa kwa namba ili lipimike. Mchezaji akifika kilo 76.5, akiwa na lita 5.45 na gharama ya mwendo ile ile, hesabu inampa mlima huo kwa takribani dakika 19 na sekunde 10, karibu na muda wake wa zamani, huku sehemu kubwa ya kasi yake ya mwisho ikiwa bado mkononi. Gharama ya mwendo ikishuka kwa asilimia mbili, muda unafika dakika 18 na sekunde 48. Kipimo kitarudiwa kila baada ya wiki nne juu ya mkanda wa mashine, ambako theluji haiwezi kusingiziwa, na hadi lengo litimie mchezaji atapangiwa mbio fupi na zile zenye tambarare ndefu, ambako kilo alizonazo leo zinamfanyia kazi.